Kifungu cha Nne na Kitanda cha Omari

Vijana, mkisikia mtu amefanya kazi Dubai miaka kumi na mmoja, mnadhani aliuza simu, aliendesha teksi au alilinda mlango wa benki. Mimi nilisoma barua za watu nisiowajua. Nililipwa kwa hilo, nikakatiwa viza kwa hilo, na macho yangu yameharibika kwa hilo. Wengi wenu mnaomaliza vyuo hapa Mombasa mnaniuliza kazi za ofisini kule zikoje. Nitawaeleza, pamoja na niliyoyafanya vibaya, maana mazuri mtayasikia kwa kila anayerudi na sanduku kubwa.

Ofisi yetu ilikuwa Silicon Oasis, ghorofa ya tatu ya jengo la vioo ambamo mwezi wa Agosti tulivaa sweta. Tulikodiwa na mawakili wa Marekani. Kule, watu wakishtakiana, kila upande unalazimika kumpa mwenziwe karatasi zote zinazohusu shauri, kabla hata ya siku ya kusikilizwa. Siku hizi karatasi ni barua pepe, na kampuni moja kubwa inazo nyingi mno. Wakili wa Chicago hawezi kuzisoma zote bila kumfilisi mteja wake, kwa hiyo zilikuja kwetu.

Barua ilipotokea kwenye skrini, chini yake palikuwa na vitufe vinne. Cha kwanza, Inahusu. Cha pili, Haihusu. Cha tatu, Siri, kwa barua ambayo mteja amemwandikia wakili wake kutaka ushauri. Hiyo upande wa pili hauruhusiwi kuiona. Cha nne kilikuwa chekundu na kiliitwa Moto. Hicho ni kwa barua ambayo ingemharibia wakili chakula chake cha mchana.

Wiki yangu ya kwanza nilifanya kosa ambalo nadhani hakuna Mmarekani angelifanya. Mimi nimelelewa Kuze. Kwetu barua ikiwa na jina la mtu haifunguliwi na mwingine, hata kama bahasha imekaa mezani mwezi mzima. Basi kila nilipoona barua ya mume kwa mkewe, au ya mgonjwa kwa daktari wake, niligeuza uso nikabonyeza Haihusu bila kusoma. Zenye jina la wakili nilizipeleka Siri, nazo bila kusoma. Nilikuwa mwepesi kuliko wote chumbani. Siku ya nne niliitwa mbele, nikaenda nikijua nakwenda kusifiwa.

Msimamizi wetu alikuwa Bi Zuhura, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Dubai wa wazazi Wazanzibari, mwenye Kiswahili cha Unguja mjini kana kwamba alikuja jana.

"Baba Athumani," akaniambia, "barua hii umeisoma?"

"Hapana, Bi Zuhura. Ni ya mtu na mkewe."

"Na hii?"

"Hiyo ni ya mtu na wakili wake."

"Na hii ya mtu na mbwa wake?"

Kweli ilikuwepo. Mtu mzima, meneja wa ghala, alimwandikia mbwa wake salamu za siku ya kuzaliwa kwa barua pepe ya kazini. Nikasema hiyo nayo sikuisoma.

"Ahsante kwa adabu yako," akasema. "Sasa itie mkobani pamoja na chakula chako, uichukue jioni ukirudi. Humu ndani tunalipwa kwa kukosa adabu."

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Omari wa Likoni, aliyeketi kiti cha pili kutoka kwangu. Omari naye alikuwa na dhamiri kama yangu, ila alikwisha kupata njia. Kila barua alisema astaghfirullah, akafungua, akasoma, akabonyeza. Siku yenye kazi nyingi alikuwa mcha Mungu zaidi ya imamu.

Bi Zuhura hakuwahi kusomea sheria, na mimi pia sikusomea. Nilichojua nilikitoa kwenye sanduku la vitabu aliloliacha wakili mmoja alipohama jengo letu, nikavisoma ndani ya basi la kampuni, ukurasa kwa ukurasa, nikiandika pembeni kwa penseli. Lakini Bi Zuhura alijua mambo ambayo vitabu havikuyasema. Nawapeni matatu, yatawafaa hata kama hamtaiona Dubai.

Mfululizo wa barua usome kutoka chini kwenda juu, kwa sababu watu huanza ugomvi chini na kujifanya wastaarabu juu. Jina la wakili juu ya barua si siri. "Wamarekani wakitaka kuficha jambo humtumia wakili nakala," alisema, "kama sisi tunavyomtumia bosi wetu, sir, nakala ili tusilaumiwe. Tazama kama ameulizwa kitu. Kama hakuulizwa, amewekwa pambo." Na la tatu: soma mizaha. Amri za kampuni huandikwa na watu wanaojua kwamba zitasomwa mahakamani. Mzaha huandikwa na mtu anayedhani yuko na rafiki yake. "Nia ya mtu," alisema Bi Zuhura, "huitafuti kwenye amri. Itafute pale alipocheka."

Miaka ya mwisho ya kazi yangu ikaletwa programu ya kujifunza kwetu. Sisi tunabonyeza, yenyewe inatazama, kisha inaendelea peke yake. Ilijifunza vizuri, pamoja na haya zetu. Kwa wiki mbili ilitupa kando kila barua yenye neno mpenzi, zikiwemo za meneja aliyewaita hivyo makarani wake wote wa kike, nazo ndizo hasa upande wa pili walizokuwa wakizitafuta. Chicago wakauliza nani ameifundisha mashine. Tulitazamana.

Shauri ninalotaka kuwaeleza lilidumu nasi kwa miaka mitatu. Kampuni fulani ya maghala kule Marekani ilikuwa na kanuni kwamba anayetaka kupandishwa cheo awe nyapara lazima aishi umbali wa nusu saa kutoka ghalani. Kanuni haikutaja rangi ya mtu. Lakini nyumba zote za karibu zilikuwa kwenye mitaa ya Wazungu, na wafanyakazi weusi waliishi mbali, kwa hiyo mwaka hadi mwaka manyapara walikuwa Wazungu. Weusi wakashtaki. Sisi tulikuwa upande wa kampuni. Ndiyo, tulikuwa upande wa kampuni. Anayekukatia viza ndiye anayekuchagulia upande.

Hapo nikaujua ubishi wa Wamarekani, na nikiri kwamba niliupenda. Mawakili wa kampuni walisema: kanuni haina ubaguzi, tuonyesheni nia. Mawakili wa wafanyakazi walisema: hatuna haja na nia, hesabuni waliobaki nje. Wakabishana kama wafanyakazi wanaweza kushtaki wote pamoja au kila mmoja ahangaike peke yake, kwa sababu siku ya kuajiriwa walitia saini karatasi ndefu inayosema hawatashtaki pamoja. Tulicheka sana kwa watu kutia saini wasichokisoma, mpaka Omari akauliza, "Na sisi tumetia saini ngapi?" Kila mtu akarudi kwenye skrini yake.

Simu za Chicago zilikuja saa kumi na mbili jioni, kwao ikiwa ni asubuhi. Siku moja mawakili watatu walibishana saa nzima kama barua ya kuagiza piza inahusu au haihusu. Bi Zuhura akazima kipaza sauti chetu, akasema, "Piza yenyewe imeshaliwa mwaka wa nne huu."

Mimi sikucheka. Niliona watu waliolichukulia neno kwa uzito. Nilisoma juu ya majaji wao wakuu, wengine wakisema katiba ina maana ile ile waliyoielewa watu wa siku ilipoandikwa, wengine wakisema katiba ni kama mtoto, lazima nguo zake zipanuliwe. Nikaona jambo hili lina manufaa. Nikalipeleka nyumbani.

Nyumbani palikuwa Al Qusais, chumba kimoja, vitanda vinne. Mwenye mkataba wa nyumba alikuwa Mussa wa Tanga, mtunza stoo wa uwanja wa ndege, mtu mzito wa kusema na mwepesi wa kununa. Wa pili Omari. Wa tatu Brayo wa Nairobi, kijana wa miaka ishirini na sita aliyefanya kazi ofisini kwetu. Wa nne mimi, niliyewazidi wote kwa umri. Tuligombana juu ya friji kama watu wote wanaogawana friji. Nikajitolea kuandika katiba.

Ilikuwa na vifungu saba. Niliichapa ofisini, nikaitia plastiki, nikaibandika kwenye mlango wa friji. Mwandishi nilikuwa mimi, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka taabu hiyo, jaji pia nikawa mimi. Vitabu vyangu vyote vilionya dhidi ya mpango wa namna hiyo, na vyote nilikuwa nimevisoma.

Shauri la kwanza lilihusu soseji za Brayo. Kifungu cha pili kilisema nyama ikae rafu ya chini.

"Soseji si nyama," Brayo akasema. "Mzee, soma packet. Hiyo ni unga na chumvi."

"Siku tulipoandika," Mussa akajibu, "nyama ilikuwa kila kitokacho buchani. Walioandika walizikusudia soseji pia."

"Walioandika ni huyu hapa ameketi! Muulize!"

"Haulizwi. Yanasomwa maneno."

Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Mtunza stoo na kijana wa Nairobi, wasiojua hata majina ya majaji wa Marekani, walikuwa wamegawanyika palepale walipogawanyika wao. Niliandika hukumu ya kurasa mbili. Ilipokuwa tayari, soseji zilikuwa zimeharibika, na kila mtu akakubali kwamba zikae kwenye pipa.

Kisha mashtaka ya maghala yakaisha. Hayakusikilizwa. Asubuhi moja Bi Zuhura akatusomea ujumbe wa Chicago wenye mistari miwili: pande zote zimeafikiana, na hakuna anayekiri kosa. Baada ya miaka mitatu ya kusoma hatukujua kama wale watu walipata vyeo vyao. Tulichojua ni kwamba kazi imekwisha na nusu ya chumba haihitajiki. Sir mwenyewe, ambaye kwa kawaida hatukumwona, alikuja kusema khalas, yaani basi, imekwisha, kwa upole. Omari alikuwa katika nusu ile. Viza yake ilifutwa, akapewa siku thelathini atafute kampuni nyingine ya kumchukua au aondoke nchini.

Bi Zuhura alimsindikiza hadi kwenye lifti. "Omari baba, usikae kitako hata siku moja," alimwambia. "Siku thelathini za nchi hii ni fupi kuliko za kwenu."

Siku ya tatu Mussa akakohoa wakati wa chakula. Binamu yake alikuwa ameshafika kutoka Tanga, amepata kazi palepale stoo, na alikuwa analala Muraqqabat kwenye chumba cha watu tisa, miguu ikiwa koridoni. Akanyoosha kidole kwenye friji. Kifungu cha nne kilisema: Kitanda ni cha mwenye kazi.

"Bwana Omari, mimi sina ubaya na wewe," akasema. "Ila maneno ni meupe."

Omari akanitazama mimi. "Bwana Athumani, mie nataka kujua kitu kimoja tu. Kesho nilale wapi?"

Mngekuwa nyinyi mngejibuje? Mimi nilisema jambo hilo linahitaji kikao.

Kikao cha kwanza kilikuwa Ijumaa, baada ya sala na pilau. Brayo alijitolea kuwa wakili wa Omari. Mussa alijisimamia mwenyewe.

"Kutafuta kazi ni kazi," Brayo akaanza. "Tena ngumu kuliko yetu. Sisi tunakaa kwa AC."

"Siku tulipoandika, kazi maana yake ilikuwa kazi," Mussa akasema. "Mtu anatoka asubuhi, anarudi jioni, ananuka jasho."

"Omari anatoka asubuhi, anarudi jioni, ananuka jasho. Umemnusa?"

"Hana kadi ya kazi."

"Kwa hivyo ni kitanda cha kadi?"

Brayo akaongeza kwamba kanuni haimtaji mtu, lakini tangu iandikwe imempata mtu mmoja tu. Hayo ni maneno ya wale wafanyakazi wa maghala, neno kwa neno, na aliyasoma Silicon Oasis kwa mshahara wa upande wa pili. Nilisema hoja zote mbili zina uzito na zinahitaji kutafakariwa. Wakati huohuo nikatoa zuio la muda: Omari alale kitandani kwake, lakini sanduku lake likae koridoni, ili upande wa Mussa usijione umedharauliwa. Nilijiona nimekuwa na hekima. Kwa wiki mbili na zaidi Omari alivaa koridoni, akitafuta soksi ndani ya sanduku huku majirani Wahindi wa Kerala wakimruka.

Kikao cha pili kilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi. Omari alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vya ngozi. Nilifikiri ni heshima kwa mahakama, nikampa alama moja moyoni. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akawa anatazama saa yake.

Brayo akatoa simu. "Mheshimiwa, nina evidence."

"Ya nini?"

"Ya nia."

Alikuwa amerudi nyuma kwenye kundi letu la WhatsApp, miezi yote, kutoka chini kwenda juu kama tulivyofundishwa, mpaka wiki niliyoandika katiba. Akasoma kwa sauti, na sauti aliyoiga ilikuwa yangu. Niliandika hivi: "Hiki cha nne nimekitia kwa ajili ya papa. Siku Omari akikosa kazi, atahama na papa wake, na sisi tutafungua madirisha."

Papa alikuwa papa mkavu, aliyeletwa kutoka Likoni na kila mgeni wa Omari, akakaa ndani ya friji yetu na kuitawala. Chini ya ujumbe wangu palikuwa na nyuso nne za kucheka. Mojawapo ilikuwa ya Omari mwenyewe.

"Mzee," Brayo akasema, sasa bila kuiga, "Bi Zuhura ametufunza nini? Si alisema tutafute pale mtu alicheka?"

"Ulikuwa utani," nikasema.

"Mameneja wa maghala pia walisema hivyo. Ile barua ya mzaha wao si mimi niliibonyeza Moto?"

Mussa, ambaye hoja hii ilimuumiza, aliinama akicheka mpaka machozi. Hata sasa nikikumbuka uso wangu unapata joto. Miaka mitatu nilitafuta uovu kwenye mizaha ya Wamarekani, nikijiona nimekaa upande salama wa skrini. Katika vitabu vyangu, jaji aliyeshikwa namna hii hujiondoa kwenye shauri. Nilijiondoa. Kisha ikaonekana kwamba hakuna jaji mwingine, nikarudi.

Niliandika hukumu kwa siku kumi na mbili, asubuhi ndani ya basi na mchana wakati wa chakula. Nilieleza shule ya wale wanaosoma maneno kama yalivyoandikwa na shule ya wale wanaoyapanua. Nilipima nia dhidi ya matokeo. Nilijikosoa mwenyewe katika aya mbili, kwa lugha niliyoipenda. Nilihitimisha kwamba kifungu cha nne, kwa jinsi kilivyoandikwa na kwa nia iliyokiandika, hakiwezi kumtoa mtu kitandani. Kurasa saba. Nilizisoma baada ya magharibi, nimesimama.

Brayo alipiga makofi. Mussa akasema, "Sawa, nimekubali," na nadhani alikuwa amekubali zamani, kwa sababu tayari alikuwa amelivuta sanduku ndani.

Omari alisema, "Shukran sana, Bwana Athumani. Umeandika vizuri."

"Sasa kitanda ni chako."

"Ndiyo. Kwa siku nne."

Hatukuelewa. Akahesabu kwa vidole. Siku thelathini zilikuwa zimebaki nne.

"Lakini si umekuwa ukienda kwenye mahojiano?" Mussa akauliza.

"Nimekwenda mengi. Lililokuwa la kweli ni moja. Jebel Ali, kampuni ya kontena. Meneja alishasema njoo na vyeti tu." Alisema polepole kama mtu anayetoa anwani. "Ilikuwa Jumamosi ile, saa nne na nusu."

Jumamosi ile. Nikaliona shati jeupe.

"Manze, Omari, si ungeenda?" Brayo akasema.

Hapo Omari akageuka kuitazama friji, na mimi nikajua kabla hajasema. Kifungu cha sita sijawatajia kwa sababu hatukuwahi kukihitaji. Nilikitoa kwenye taratibu za madai za Wamarekani, ambako mtu akikosa kufika mahakamani hushindwa papo hapo. Kilisema: Asiyefika kwenye kikao amekubali kushindwa.

"Nilifikiri nikienda nitarudi nikute kitanda kina mtu," Omari akasema. "Na Jebel Ali huenda wasingenichukua. Mtu hawezi kutafuta kazi bila pa kulala."

"Mbona hukusema?" Sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyotaka. "Tungeahirisha!"

"Kuahirisha ni kifungu cha ngapi?"

Hakikuwepo. Nilikuwa nimesahau kukiandika.

Asubuhi tulipiga simu Jebel Ali, mimi nikizungumza, kwa Kiingereza changu bora. Nafasi ilikuwa imeshajazwa. Bi Zuhura, nilipomweleza, aliniuliza kama zile kurasa saba ninazo. Nikampa. Alizisoma zote kwenye dawati lake, kutoka chini kwenda juu, akanirudishia. "Nimetafuta mahali umemwambia kaa," akasema. "Sijapaona." Siku tatu zilizobaki aliwapigia watu wote aliowajua kuanzia Deira hadi Sharjah, watoto wa watu waliokuwa majirani wa wazee wake. Wote walisema inshallah, na siku zikaisha.

Vijana, mtu anayejifundisha mwenyewe ana hatari yake. Hana mwalimu wa kumwambia pa kukomea. Mimi nilidhani sheria ni ule ubishi, kwa sababu ubishi ndio uliokuwa kwenye vitabu na kwenye simu za Chicago. Wale watu wa maghala, kila jioni ambayo sisi tulibonyeza na mawakili wakajadili piza, walikuwa wakirudi nyumbani bila cheo, na hilo halikuwa kwenye barua yoyote niliyoisoma. Nilisoma jalada lote nisilione. Nililiona koridoni kwangu, kwenye sanduku, na hata hapo nilichelewa siku ishirini na sita.

Tulimsindikiza Omari sote watatu. Terminal Two ya uwanja wa ndege iko karibu na Al Qusais. Teksi hata haikupata joto. Mussa alimbebea sanduku na hakumwachia mtu. Brayo alikuwa analia na kusema ni vumbi. Mlangoni Omari alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyoshikana kwetu.

"Binamu wa Mussa mpeni kitanda leo leo," akasema. "Usimwandikie kitu."

Aliingia ndani. Siku hizi anauza mbao Likoni, na nikivuka feri hunilazimisha kula kwake. Hatujawahi kulizungumza hili, ila mkewe huniita Jaji, na Omari humkanyaga mguu chini ya meza.

Binamu alikuja jioni ile ile na begi moja la mgongoni, kijana mrefu, mwoga kidogo. Alikiangalia kitanda, akaangalia mlango wa friji, ambako palikuwa na alama nne za gundi.

"Humu ndani kuna masharti gani, mzee?" akaniuliza.

Brayo na Mussa walinitazama.

"Maji ya moto hukatika saa moja," nikamwambia. "Oga mapema."